Mwanangu Anapenda Magari, Je, Awe Fundi?

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, gereji yangu hapa Kihonda, Morogoro, hupata wageni wasio na gari bovu. Ni wazazi. Baba anamtanguliza kijana wake, tunasalimiana, tunakaa kwenye benchi pembeni ya kibanda cha vifaa, kisha linatoka neno: "Fundi, huyu mwanangu anapenda magari tangu mdogo. Tunaomba umpokee." Wengine huja wenyewe, tena watu wazima wenye shughuli zao: mwalimu, dereva wa bodaboda, muuza duka la pembejeo. Nao wanauliza hilohilo. Mapenzi ya magari ninayo, je, yanaweza kunilisha?

Swali hili ni zito, na silijibu siku hiyohiyo. Kijana akiniambia anapenda magari, namuuliza anapenda nini katika magari. Mmoja atakuambia, usiku akiwa kitandani, lori linalopita barabara ya Dodoma ni Scania au Fuso, kwa mlio tu. Mwingine anayajua matoleo yote ya Land Cruiser na injini zake. Mwingine hamu yake ni usukani. Mpe funguo umwone anavyochangamka. Yuko pia anayependa gari likiwa limeoshwa, rimu zinang'aa, muziki umefunguliwa. Yote hayo ni mapenzi ya kweli na hayana kosa. Tatizo ni kwamba gari la aina hiyo huwa haliji kwangu. Linalokuja kwangu limegoma, limechafuka, na mwenyewe ana hasira au ana hofu ya pesa. Ninachotaka kujua ni kama kijana akilikuta gari hilo atalisogelea au atarudi nyuma.

Na nyingi ya kazi zetu ni za kurudia. Kumwaga oili, kubadili filta, kufunga brekipedi, kutoa bushi zilizokufa na kuingiza mpya, shokapu, boljointi. Magari yanayoshinda kwenye barabara za vumbi, njia ya Mvuha mpaka Kisaki, yanamaliza bushi upesi, na yanarudi na ugonjwa uleule upande uleule. Toyota ndizo nyingi kwetu, kwa hiyo spana ya 10, ya 12 na ya 14 zitakuwa mkononi mwako asubuhi mpaka jioni, mwaka baada ya mwaka. Anayetaka kila siku imletee jambo jipya atachoka mapema. Mimi sijachoka, na nikijiuliza sababu naiona katika zile kazi chache za wiki ambazo gari lina tatizo na hakuna anayejua tatizo liko wapi.

Nieleze moja, maana hapo ndipo mambo yote yalipo.

Ililetwa Toyota IST ya mama mmoja anayeuza vitenge. Ikiwa imesimama injini inatetemeka, ukikanyaga mafuta inavuta kwa shida, na taa ya cheki injini inawaka. Vijana wangu wawili wakachomeka mashine ya kusomea, ikawapa namba P0301. Maana yake silinda ya kwanza haichomi mafuta sawasawa. Injini ya IST ina silinda nne, na kila silinda ina plagi yake na koili yake. Kijana wa kwanza, mwepesi, mchapakazi, akachomoa mashine akasema, "Hiyo koili. Mama akanunue." Mara nyingi angekuwa sahihi, koili za magari haya hufa. Yule wa pili akasema, "Bosi, nipe nusu saa."

Akang'oa koili ya silinda ya kwanza akaipeleka ya pili, ya pili akaileta ya kwanza. Akafuta ile namba kwenye mashine, akawasha injini, akangoja. Hoja yake ilikuwa rahisi: kama koili ndiyo mbovu, ubovu utaifuata huko ilikohamia, na mashine itaandika P0302. Taa ikawaka, akasoma. P0301. Koili ikawa haina hatia. Akafanya hivyohivyo kwa plagi. P0301 tena. Akafunga kipimo cha kompresheni kwenye tundu la plagi, silinda moja moja, akaona zote nne zinakaribiana, kwa hiyo ringi na vali havina neno. Umeme wa kuchoma upo, hewa inabanwa. Kimebaki nini? Mafuta. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye nozeli, mpini sikioni. Nozeli tatu zilikuwa zinagonga tik-tik-tik. Ya kwanza kimya. Akafuata waya wake kwa vidole mpaka chini ya kava. Panya walikuwa wameutafuna karibu na soketi yake.

Tukaunga waya, tukaukinga, gari likatulia. Mama hakununua koili wala plagi, alilipia muda wa kijana yule na akaenda sokoni kwake.

Sasa sikiliza kilichonishangaza. Yule wa pili si mpenzi wa magari kwa maana wanayoisema wazazi wale kwenye benchi. Ukimwonyesha Harrier mbili za miaka tofauti, hakuambii ipi ni ipi. Hana picha ya gari kwenye simu yake. Anachokipenda ni kujua kwa nini. Redio ikikatika nyumbani kwao anaifungua, pampu ya maji ya jirani ikigoma anaitwa yeye. Gari kwake ni mahali ambapo "kwa nini" zimejaa. Huyo, hata asipojua jina la toleo lolote jipya, ndiye anayefaa zaidi kwa kutafuta matatizo.

Yule wa kwanza naye sikumfukuza. Anapenda kuona kazi inakwisha, ana nguvu, mikono yake ni mizuri, na kwa kazi za chini ya gari, bushi, shokapu na breki, hakuna wa kumfikia hapa kwangu. Wateja wanamwomba kwa jina. Kwa hiyo usidhani gereji ina mlango mmoja. Kuna fundi injini, fundi umeme wa magari, fundi bodi na rangi, fundi giaboksi, fundi AC. Na nje ya gereji kabisa kuna muuza spea anayejua vipuri vyote kwa kichwa, dereva wa masafa, mkaguzi wa magari ya bima. Kijana anayefurahia usukani kuliko spana, mimi humshauri akasomee udereva vizuri. Kumfungia ndani ya ovaroli ni kumpotezea miaka yake.

Kuna wazazi wengine huja na sababu ya pili, na hiyo huisema kwa sauti ya chini, mtoto akiwa palepale anasikia: "Fundi, shule imemshinda huyu." Hapo naumia. Naumia kwa ajili ya kijana, na naumia kwa ajili ya kazi yangu. Ufundi wa sasa ni kusoma. Kitabu cha injini kiko kwa Kiingereza, mchoro wa umeme una mistari kama ramani ya mji, na lazima ujue unachokitafuta. Betri nzuri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, inakupa kama volti 12.6. Ukiwasha, altaneta ikiwa nzima utasoma kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ukiona 12 na injini inanguruma, usimuuzie mtu betri. Altaneta haichaji, au mkanda umelegea, au waya una kutu. Fundi asiyejua hesabu hiyo ndogo anabadilisha betri tatu kwa mwaka na kuwalaumu waliotengeneza betri.

Hata hivyo nimeona vijana walioshindwa hesabu ubaoni wakaielewa kwenye multimita, kwa sababu sasa namba ile ilikuwa na kazi ya kufanya. Alama za darasani hazinitishi. Ninayemkataa ni yule aliyeamua kwamba kujifunza kumekwisha. Huyo hata kazi ya kuosha injini itamshinda.

Morogoro tuko njiani, na jambo hili lazima mzazi alisikie. Gari linalotoka hapa kwangu jioni linaweza kuwa kwenye mlima Kitonga usiku huo, au kesho likawa linashuka Sekenke na familia ndani. Mafuta ya breki yana tabia ya kuvuta unyevu wa hewa, hata kopo likiwa limefungwa vibaya. Yakikaa miaka bila kubadilishwa yanakuwa na maji ndani yake. Dereva akishuka mteremko mrefu mguu ukiwa kwenye breki, diski zinapata moto, moto unafika kwenye mafuta, na yale maji yanachemka na kuwa mvuke. Mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei. Basi unakanyaga pedali inazama mpaka chini, gari linaendelea kushuka. Mteja anaposema "ongezea tu, tutabadilisha mwezi ujao," fundi anatakiwa aweze kusema hapana, na amweleze kwa nini, kwa adabu, hata kama mteja ni mkubwa wa ofisi. Kijana mpole kupita kiasi hushindwa hapo. Na mwenye haraka hushindwa kwenye nati za tairi. Mimi namtazama kijana gari linapotoka: je, amerudi kuzikaza nati mara ya mwisho bila kuambiwa? Anayerudi, nambakiza.

Tuje kwenye pesa, maana ndiyo wazazi wanayoogopa kuiuliza. Saidia fundi hana mshahara. Anapewa nauli na chakula, na kazi kubwa ikilipwa anapata chochote. Hali hiyo inaweza kuchukua miaka, na ndiyo inayowakimbiza wengi kwenye bodaboda, ambayo inalipa siku ileile. Siwalaumu. Kijana ambaye nyumbani wanamtegemea kwa unga wa jioni, kumwambia avumilie miaka bila kipato ni kumtwisha mzigo asioweza. Yeye afanye kazi nyingine na aje gereji siku zake za nafasi. Polepole anaanza kununua spana zake mwenyewe, seti ya soketi, multimita, baadaye mashine ya kusomea. Fundi asiye na vifaa vyake siku zote ni kibarua wa mwenye navyo.

Halafu kuna cha juu. Spea inauzwa bei hii, fundi anamtajia mteja bei ile, tofauti inaingia mfukoni. Wengi wanaishi kwa hiyo, kwa sababu wateja wetu hawapendi kulipia ujuzi: mtu atalipia koili bila kelele, lakini mwambie alipie nusu saa ya kufikiri, atakuuliza umefanya nini. Gerejini kwangu nimekataza. Ninaandika bei ya spea peke yake na risiti yake, na bei ya ufundi peke yake. Wapo walioniona ghali wakaondoka. Waliobaki wanarudi na ndugu zao. Kijana anayeingia kazi hii achague mapema, kwa sababu ukishaanza kuishi kwa cha juu utaanza kuona spea mbovu mahali ambapo hazipo. Na ajue kudai. "Nitakutumia kwenye simu jioni" ni sentensi atakayoisikia mpaka azeeke.

Mwili nao una bei yake: mgongo, magoti, ngozi ya mikono inayoloa oili chafu, ambayo si ya kuchezea kwa sababu ikikugusa miaka mingi inaweza kuleta saratani ya ngozi. Vaa glavu. Usinawe kwa petroli. Na usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, weka stendi, hata kama ni kazi ya dakika mbili. Kijana anayenicheka kwa hili nampeleka nyumbani kwao siku hiyohiyo.

Wengine wananiuliza kama kazi hii ina kesho. Ina kesho, ila kesho yake inabadilika. Magari ya mseto, ya petroli na umeme, yamejaa kwenye mitumba ya kutoka Japani. Toyota Prius ilianza kuuzwa huko 1997, na ile ya kizazi cha pili betri yake kubwa ina volti zaidi ya 200. Zile nyaya nene za rangi ya machungwa zinaua. Kabla ya kuzigusa unazima gari, unaweka funguo mbali, unachomoa plagi ya usalama ya betri kwa glavu za mpira za umeme, unangoja dakika 10, ndipo unapima. Dar es Salaam nako magari mengi na bajaji yanafungwa mitungi ya gesi asilia, ile inayochimbwa Songo Songo, Kilwa, na kufika jijini kwa bomba tangu 2004. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ni moja ya mahali wanapofunga mifumo hiyo. Gesi katika mtungi ina mgandamizo wa kama baa 200, wakati tairi la gari dogo lina baa mbili na kidogo. Hapo hakuna nafasi ya kubahatisha. Kijana anayeanza leo na anayependa kujua, atakuwa na kazi ambayo wazee wengi mtaani wanaikwepa. Anayetaka kujua injini moja ya zamani basi, nafasi yake inapungua kila mwaka.

Chuo au mtaani? Nimefundisha waliotoka pande zote mbili, na msimamo wangu ni kwamba kila upande una pengo lake. Wa chuo anaweza kukuchorea mfumo wa mafuta mpaka ukaelewa, lakini boliti yenye kutu inamvunjikia mkononi. Wa mtaani anaitoa boliti hiyo salama, ila ukimuuliza kwa nini sensa ya oksijeni inasoma hivi anakutazama. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994, ina vyuo nchi nzima, na kimoja kiko hapahapa Kihonda. Kwa wanaotaka kwenda juu zaidi, kuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo, Dar es Salaam. Na aliyejifunza mtaani asijione amechelewa: VETA wana utaratibu wa kuupima ujuzi wake na kumpa cheti. Cheti hicho kina maana, kwa sababu migodi, makampuni ya mabasi na ofisi za serikali hawamwajiri mtu kwa kusikia sifa zake.

Lakini kabla ya ada, kabla ya kuuza mbuzi, naomba mzazi amlete kijana likizo moja. Akae gerejini kwa mwezi, bila ahadi. Mwanzoni anaosha vipuri, anapanga boliti kwenye kopo moja moja na kuandika zilikotoka. Jioni namuuliza, "Leo umeona nini usichokielewa?" Siku za mwanzo wote wana aibu. Baadaye wanagawanyika. Kuna ambaye kila jioni hana swali. Kuna anayeuliza, nikimjibu anaridhika. Na kuna anayeuliza jioni, halafu asubuhi anakuja na jibu alilolitafuta mwenyewe usiku kwenye simu, mara nyingi likiwa na kasoro, na anataka tubishane. Huyo wa mwisho namwambia mzazi wake atafute ada.

Na wapo ambao mwezi huo unawasaidia kukataa. Mwalimu mmoja wa sekondari alikuwa karibu kuacha kazi awe fundi. Akaja Jumamosi zake kadhaa. Akagundua kwamba anafurahia sana Corolla yake mwenyewe, bila saa, bila mtu kusimama pembeni akiuliza "bado tu?" Magari ya watu yalikuwa yanamkosesha raha. Amebaki mwalimu. Corolla yake anaihudumia mwenyewe, na ni mojawapo ya zilizotunzwa vizuri kuliko zote ninazozijua mjini hapa. Huo nao ni uamuzi mzuri.

Mwaka huu alikuja binti na bibi yake. Binti alisema anapenda mbio za magari. Kazi za chini ya gari hazikumvutia hata kidogo, alizifanya kwa sababu aliambiwa. Halafu tukapata Hiace ambayo taa za kuashiria zilikuwa zinawaka zenyewe unapokanyaga breki. Nikampa mchoro na multimita. Alifuata nyaya mpaka kwenye waya wa ethi uliolegea nyuma ya taa, umeme ukawa unatafuta njia nyingine ya kurudi, na hakutaka kwenda kula mpaka alipoelewa kwa nini waya mmoja uliolegea unawasha taa isiyohusika. Mwisho wa mwezi bibi aliniuliza, "Haya mwanangu, mjukuu wangu huku atakula nini?" Nikamwambia, "Bibi, mwanzo atakula kidogo. Mafundi wa umeme wa magari ni wachache, akijua kazi hatakosa." Ameomba nafasi chuoni kusomea umeme wa magari, na Jumamosi yuko hapa.

Tuliandikiana karatasi, mimi na bibi. Ina saa za kuja na za kuondoka, nauli na chakula ni juu yangu, glavu na viatu vigumu ni juu yangu, akiumia kazini matibabu ni juu yangu. Akianza kufanya kazi mwenyewe bila kusimamiwa analipwa kwa kila kazi, na kiasi kimetajwa. Mzazi unayempeleka mtoto gereji yoyote, omba karatasi ya namna hiyo kabla hajashika spana. Fundi akikataa kuiandika, nenda gereji nyingine.